Hema Alilokwenda Kuliangalia Majid

Jumapili, 9 Machi

Modesta ameniletea daftari hili jana. Ni jirani yangu, mwalimu wa sekondari, na daftari ni lile kubwa la jalada gumu wanalotumia wanafunzi wake. "Dada, miezi minne na siku kumi ndani si mchezo," alisema. "Andika, hata ulichopika." Sasa ni Ramadhani, mchana sipiki. Basi naandika nilicho nacho.

Mimi Mwanvita, fundi cherehani, Mwembesongo. Mume wangu Abdulmajid alifariki tarehe ishirini Februari. Pikipiki yake iliteleza kwenye tope akitokea Mkuyuni, akaingia upande wa lori. Watu walinieleza kuwa hakuteseka. Sijui wanajuaje. Ameniacha na Mwaisha, miaka kumi na miwili, na Kibwana, sita. Niko eda, nguo nyeupe, mlango wa nje siuvuki.

Majid alikuwa anaongoza wageni milimani. Alilala huko Uluguru usiku mwingi usiohesabika, kwenye mahema ya watu wengine, na kila akirudi alitaka twende sote. Na mimi kila mara nilimjibu jibu lile lile: nyumba ninayo, nilale porini kwa kosa gani? Miaka kumi na mitatu ya ndoa nimemjibu hivyo, nikicheka. Mwaka huu aliwaambia watoto kuwa shule zikifungwa Juni wataenda, niende nisiende.

Jana kwenye futari Kibwana kaniuliza, "Mama, Juni tutaenda na nani?"

Mama mkwe alikuwa anamimina uji. Akasimamisha upawa. Mwaisha aliinamia sahani yake.

"Na mimi," nikasema. Nilisema ili asilie. Sasa limeshasemwa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimeshona mashuka mawili na sare moja ya shule.

Jumamosi, 15 Machi

Mama mkwe, Bi Fatuma, alikuja kutoka Mkuyuni siku ya msiba na hajarudi. Ananisema kwa chumvi. Ananisema kwa dirisha ninaloacha wazi. Leo ananisema kwa hema. "Mjane yumo ndani ya eda, mawazo yake yako porini. Watu watasema nini?" Nikamjibu, "Mama, sijatoka, nimeuliza tu." Akasema mwanawe alikwenda sana huko milimani na imetosha.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepata namba ya mfanyabiashara wa Dar anayeuza mahema. Anatuma picha. Ya bluu, ya kijani, yenye dirisha, yenye kibaraza. Kisha akaandika: "Familia ya watu wangapi?"

Nikaandika wanne. Nikafuta. Nikaandika watatu.

Akajibu: "Chukua la wanne, dada. La watatu mtabanana."

Nimekaa na simu mkononi mpaka kioo kikazimika. Kubanana. Hajui kuwa hilo ndilo tu ninalolitaka. Kitanda chetu kilikuwa kidogo, Majid alikuwa mrefu, na nimelalamikia goti lake miaka yote hiyo. Sasa nalala katikati kama mgeni wa gesti.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Mama mkwe ameosha viatu vya Majid vya mlimani. Vilikuwa nyuma ya mlango na tope lake la mwisho. Sikumwuliza kwa nini, nilipiga kelele tu, mimi ambaye sijawahi kumpandishia sauti. Aliendelea kuvipanga juani, na jua lenyewe hakuna.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Shemeji Abdi, mdogo wake Majid, amekuja na hema kutoka Kariakoo, zawadi ya Idi kwa watoto. La bluu, jepesi kama kanga. Wakalisimamisha uani, Kibwana akaingia ndani na bakuli la pilau. Kabla ya adhuhuri mvua ikaja. Dakika kumi hazikuisha, Kibwana katoka na pilau yenye mchuzi ambao hakupikiwa.

Nikaligeuza nikaangalia. Sindano nene, mishono mirefu, na ndani hakuna utepe wa kuziba matundu. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji.

"Shemeji, hili limeshonwa na mtu mwenye haraka."

"Shemeji, ni mashine hiyo."

"Basi mashine ilikuwa na haraka."

Akacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu Februari, kisha nikaona aibu kwa ajili ya mama mkwe. Lakini mama mkwe alikuwa anamwangalia Mwaisha. Mwaisha hakusogea karibu na hema siku nzima. Alikaa barazani amekumbatia magoti. Nadhani amekua, anaona ni mambo ya kitoto.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Mto unasikika mpaka huku.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Kibwana amekojoa kitandani tena. Mwaisha hali chakula vizuri. Modesta anasema hata kwenye tuisheni yupo lakini hayupo.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo amekuja mtu anaitwa Yusuph, mkulima wa Mkuyuni, zamani alikuwa mbeba mizigo wa wageni pamoja na Majid. Kwa sababu ya eda alikaa barazani, mimi nyuma ya pazia, mama mkwe katikati yetu kwenye kigoda.

"Shikamoo mama," alimwambia mama mkwe. Kisha kwangu, "Shemeji, pole sana. Nilikuwa Kisaki kwa mdogo wangu, habari nimeikuta juzi nilivyorudi. Sikuamini. Siku ile alikuwa kwangu."

Nikamwuliza alifuata nini.

"Hema. Kuna watafiti walimaliza kazi wakaniachia hema lao kubwa la turubai. Nilimwambia nauza. Akaja kuliangalia. Alilisimamisha mwenyewe uani kwangu, akaingia, akalala chali. Akaniita: 'Yusuph, hapa Kibwana, hapa Mwaisha, huku mimi, na huku mwenye nyumba.' Nikamwambia, shemeji atakubali kulala porini? Akasema, 'Safari hii atakubali. Ila lazima aone mishono kwanza. Yule hanunui kitu kwa rangi.' Akasema Jumapili atakuja na wewe."

Pazia lilikuwa mbele yangu, nikalishika. Mwenye nyumba. Ndivyo alivyoniita akiwa na wenzake, sikuwahi kujua.

Mama mkwe alinyanyuka akaenda jikoni, hata mgeni hakumuaga.

Nilimwambia Yusuph alilete.

Jumapili, 27 Aprili

Sikulala. "Safari hii atakubali." Alijuaje? Angeniuliza, ningekubali? Najaribu kujisikia nikisema ndiyo, na kila mara nasikia kile kicheko changu.

Jumamosi, 3 Mei

Leo nataka kuandika yote.

Hema lililetwa asubuhi. Watoto wa kike wa tuisheni walikuwa kwa Modesta, na Mwaisha kati yao. Abdi na Yusuph walilisimamisha uani wakaenda kunywa chai kwa jirani ili nipate nafasi. Ni la kijani kilichopauka, refu, unaweza kusimama ndani bila kuinama. Nikaingia, nikashusha zipu.

Nikaangalia mishono, kama alivyosema. Nilianza kona ya mlango nikazunguka lote kwa vidole. Imekunjwa mara mbili, imepigwa nyuzi mbili, uzi wenye nta. Sehemu zinazovutwa na kamba zimewekewa kiraka cha ngozi. Kazi ya mtu aliyeijali. Nikalala chali upande wa mwenye nyumba. Mwanga ulikuwa wa kijani, kama kuwa chini ya mgomba. Nikanyoosha mkono kule alikolala yeye.

"Mishono mizuri, Majid," nikamwambia. Kwa sauti.

Nikakaa hapo. Sijui muda gani. Nilikuwa karibu naye kuliko siku yoyote tangu waliponitoa chumbani wamchukue. Nilishaamua. Hili tutalala ndani yake, na baada ya hapo hata nikizeeka litakuwa chini ya kitanda changu.

Ndipo nikasikia geti, na sauti ya Mwaisha: "Hilo la nani?"

Kibwana akamjibu kwa furaha, "La Mkuyuni! Baba alilichagua!"

Kisha kigingi cha kwanza kikang'oka, na cha pili. Mwaisha alikuwa anazing'oa kamba kwa mikono, anapiga teke nguzo, anapiga mayowe, "Litoeni! Litoeni!" Turubai lote likaniangukia. Nilipojitoa alikuwa ameshakimbia nje, daftari zake zimetawanyika kwenye tope.

Nilifika getini nikasimama. Miguu peku, nguo nyeupe za eda, barabara imejaa watu wa Jumamosi. Nikamgeukia mama mkwe. Nilijua atasema nini.

"Nenda," akasema. "Mtoto ndiye dharura. Nenda!"

Akavua mtandio wake akanifunika nao mabega, na nikavuka.

Nilimkuta chumbani kwa Modesta, kwenye kona kati ya kabati na ukuta. Modesta akatufungia mlango. Nilikaa sakafuni mbele yake. Muda mrefu alikuwa anahema tu. Kisha akasema akiangalia ukuta.

"Mimi ndiye niliyempigia."

"Ulimpigia nani?"

"Baba. Asubuhi ile. Ulikuwa unaoga, nikachukua simu yako. Nikamwambia, baba, ulisema utaenda kuliona lile hema na hujaenda, litauzwa. Akasema leo mvua itanyesha, ataenda kesho. Nikamwambia wewe kila siku kesho." Akafuta pua kwa mkono. "Akacheka. Akasema haya mama, naenda."

"Mwaisha."

"Halafu nikafuta ile namba usiione."

Wiki kumi. Wiki kumi mtoto huyu amekula na mimi, kalala chumba cha pili, na mzigo huu. Na mimi nilidhani amekua.

Maneno yote niliyoambiwa mimi msibani, kudra, ajali, siku ikifika, niliyaona hayafiki popote. Nikamwambia lililo kweli tu. Nikamwambia, "Baba yako alikuwa hapigiwi simu akaenda asikotaka. Mimi nimempigia mara ngapi aje nyumbani mapema, akaja? Alikwenda kwa sababu alilitaka hilo hema kuliko sisi sote." Kisha nikamwambia na langu: kwamba kama ningesema ndiyo mwaka wowote kati ya ile kumi na mitatu, tungekuwa tumeshakwenda kwa hema la kuazima, na Februari asingekuwa na kitu cha kukitafuta Mkuyuni.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Lakini wewe hukujua."

"Na wewe ulijua?"

Akaanguka mapajani mwangu akalia kama mtoto wa miezi.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwuliza Mwaisha mara moja tu, kwa upole, tukiwa wawili. Akasema, "Mama, nitaingia ukitaka." Akasema akiangalia chini, vidole vinapapasa pindo la sketi. Nikaelewa kuwa angeingia, na angelala macho usiku kucha kwa ajili yangu.

Nimemwambia Abdi amrudishie Yusuph hema lake. Nililikunja mwenyewe, pindo kwa pindo. Kona moja ilibaki mkononi mwangu. Abdi akasubiri, akasubiri, kisha akasema taratibu, "Shemeji, achia."

Nikaachia.

Jumanne, 6 Mei

Mvua.

Alhamisi, 8 Mei

Mama mkwe alikuwa anachambua mchicha jikoni. Mwaisha anaosha vyombo, mimi napepeta mchele. Hakuna aliyemwuliza kitu.

"Alipita kwangu siku ile, kama saa saba," akasema. "Kutoka kwa Yusuph. Wingu limeshafunga. Kasema, mama nawahi mvua. Nikamwambia huondoki hujala. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeinjika ugali. Akakaa, kwa sababu ni mimi niliyemwambia." Aliendelea kuchambua. "Angepita moja kwa moja, mvua ingemkuta Morogoro mjini, barazani kwake."

Maji ya bomba yalikuwa yanatiririka, Mwaisha akayafunga.

"Alikula vizuri?" nikauliza. Sijui kwa nini nilitaka kujua hilo.

"Alikula sana. Na dagaa. Alikomba sufuria."

Mwaisha akaenda akamkumbatia kwa nyuma, mikono yake imejaa povu la sabuni. Na mimi nimeelewa sasa kuhusu chumvi, na dirisha, na vile viatu. Mtu akikaa kimya na jambo kama hilo, mikono inatafuta cha kusugua.

Jumamosi, 17 Mei

Mwaisha mwenyewe ndiye aliyesema. "Mama, hivi bado tunaenda?"

"Ukitaka."

"Nataka. Ila nichague mimi."

Modesta akaenda naye mnadani, kwenye mitumba, maana marobota mengine yanakuja na mahema. Walirudi saa kumi wamelowa. Hema ni la rangi ya machungwa, limefifia kama kanga ya zamani, la watu wanne. Ubavuni limechanika urefu wa mkono wangu, na ufito mmoja haupo.

"Limechanika," nikasema.

"Limechanika kitambaa, mshono haujaachia hata mmoja. Nimelizunguka lote kwa vidole. Na ndani lina utepe, angalia." Akaligeuza kunionyesha. "Yule kaka anayeuza alinionyesha jipya zuri, nikamwambia hilo limeshonwa na mtu mwenye haraka."

Modesta akasema, "Dada, ningekuwa na mwanafunzi mmoja hivi darasani."

Jumapili, 25 Mei

Mvua inapungua. Tumeshona kiraka, mimi na Mwaisha, yeye akikanyaga pedali na mimi nikiongoza kitambaa. Kisha tukasugua nta ya mshumaa juu ya mshono, nje na ndani. Mama mkwe ameagiza mwanzi kutoka kwao, kauchonga kwa kisu cha jikoni ukawa ufito. Umekaa vizuri kuliko zile za kiwandani.

Amelitazama hema lililosimama, akalizunguka. "Watu wazima mnanunua kulala nje. Sisi tulilala kwenye dungu miezi miwili kila mwaka, juu ya miti minne, kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Hata mlango hamna. Na baba yake Majid nilimpata huko huko, dungu lao lilikuwa ng'ambo ya korongo."

Mwaisha akasema, "Bibi!"

"Bibi nini? Wewe unadhani nilizaliwa na mvi?"

Kisha akachungulia ndani akauliza yeye atalala upande gani, kwa sababu baridi ya juu anaijua, na mlangoni halali.

Jumamosi, 7 Juni. Idi

Shule zimefungwa jana. Abdi kachinja mbuzi. Anga safi, milima imekaribia kama imesogezwa. Nilimkumbuka Majid leo mpaka meno yakauma.

Jumamosi, 28 Juni

Nimetoka eda. Wanawake walikuja alfajiri, nikaogeshwa, ikasomwa dua, nikavishwa nguo ya rangi. Mama mkwe ndiye aliyenifungulia mlango. Kila mtu ananiambia nimependeza. Nilisimama barabarani sijui nielekee wapi. Nilikuwa nimezoea kumngojea ndani, na nilipotoka nikaona kuwa hata nje hayupo.

Jumatatu, 30 Juni

Naandika kwa tochi, watoto wamelala, kwa hiyo kwa ufupi.

Tumepanda tangu asubuhi mpaka alasiri. Abdi kabeba hema na sufuria, yeye atalala kwa mkulima mmoja hapo chini. Mama mkwe alitutangulia sote na fimbo yake, akawa anatusubiri kwenye kila kona amekaa juu ya jiwe kama mwenye mlima. Mimi nilipumzika mara ishirini. Watu waliokuwa wanashuka na mikungu ya ndizi walisimama kutusalimia, na wawili walisema, "Nyie ni watu wa Majid?" Nikasema ndiyo. Mmoja, mama mtu mzima, akaweka mzigo wake chini, akanishika mikono yote miwili, kisha akajitwisha akaendelea.

Uwanja wenyewe wa kupiga hema uko chini ya msitu, karibu na Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Nilitaka niuone mji kutoka juu, lakini ukungu ulishuka hata kabla hatujapiga vigingi. Hatukuona kitu. Mwaisha alitupanga: Kibwana hapa, Bibi katikati, wewe huku Mama. Alipiga vigingi mwenyewe. Baada ya kula wali mvua ilinyesha kidogo, tukanyamaza wote tukisikiliza. Mwaisha akapapasa kiraka kwa kiganja. Kikavu.

Tumebanana kweli.

Jumanne, 1 Julai

Nimelala. Sijawahi kulala hivi tangu Februari, mpaka jua. Nilipofumbua macho hema lote lilikuwa la machungwa na nilikuwa peke yangu ndani. Nje palikuwa na harufu ya kuni mbichi. Nilisikia mama mkwe anapuliza moto, na watoto wamekaa karibu kabisa na turubai, nikaona vivuli vyao viwili.

Sikutoka. Nilitaka kuwasikiliza wakiwa hawajui.

"Mlima ule wenye minara ni upi?" Kibwana akauliza.

Na mimi nikasubiri. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilisubiri Majid ajibu. Haikuwa ndoto, nilikuwa macho, nimeshajua niko wapi na nani hayupo, na bado nilikaa nimeshika pumzi, maana swali kama lile lilikuwa na mtu wake. Moto ukalia. Ndege akaita huko msituni mara moja, mara mbili.

"Ule Bondwa," Mwaisha akasema. "Na ule wenye ncha ni Lupanga. Kwenda Lupanga unaondoka asubuhi sana, unabeba maji yako, na ukifika kwenye mizizi mikubwa unashika kwa mikono, huangalii chini."

"Umejuaje?"

"Baba aliniambia."

"Mimi hakuniambia."

Kivuli kirefu kikasogea kwenye kifupi, vikawa kimoja.

"Kaa vizuri basi," Mwaisha akasema. "Nianze na huu wa karibu."